Ngazi zilikuja baadaye: kiti mwendo na safari ya kupanda Acropolis

Tarehe 3 Desemba 2020, Siku ya Kimataifa ya Watu wenye Ulemavu, Waziri Mkuu wa Ugiriki, Kyriakos Mitsotakis, alizindua lifti mpya kwenye kilima cha Acropolis jijini Athens. Pamoja na lifti hiyo kulikuwa na njia mpya za zege kule juu, ili mtu mwenye kiti mwendo akishatoka kwenye lifti aweze kufika karibu na hekalu la Parthenon bila kubebwa mgongoni na mtu.

Ungedhani habari kama hii ingepokelewa kwa makofi tu. Wapi! Picha za zege zikasambaa mitandaoni, wanaakiolojia wakaandika barua za wazi, na vyama vya upinzani vikaibebea bango serikali. Lawama kubwa ilikuwa kwamba kilima kimepoteza sura yake ya asili.

Sasa, kwa mtu anayesoma historia, neno "asili" linatakiwa kumshtua kidogo. Sura ya asili ya Acropolis ni ipi hasa? Ya mwaka gani? Tukilifuata swali hilo tutakuta jambo ambalo watu wengi waliokuwa wanabishana hawakulitaja: kwa takriban miaka 600, njia kuu ya kupanda kilima kile haikuwa na ngazi kabisa.

Njia ya ng'ombe na mikokoteni

Acropolis ni mwamba wa mawe ya chokaa wenye kimo cha takriban mita 150 kutoka usawa wa bahari, na kama mita 70 juu ya mitaa inayouzunguka. Pande tatu ni majabali. Upande wa magharibi peke yake ndio unaopandika, na kila aliyewahi kuimiliki Athens alilazimika kuamua afanye nini na upande huo.

Katika karne ya 6 KK Waathens walijenga pale njia ya mteremko, yaani njia iliyoinuka polepole bila ngazi. Kisha, katika karne ya 5 KK, walipoijenga Parthenon (447 hadi 432 KK) na lango kuu liitwalo Propylaia (437 hadi 432 KK, kazi ya msanifu Mnesikles), waliipanua njia ile. Ikawa na upana wa kama mita 20 na urefu wa kama mita 80. Hiyo ni barabara hasa, pana kuliko barabara nyingi za mijini kwetu.

Kwa nini mteremko na si ngazi? Sababu ya kwanza ni mizigo. Marumaru ya Parthenon ilichongwa kwenye mlima Penteli, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini, na ilibidi ivutwe na wanyama mpaka juu. Sababu ya pili ni ibada. Katika sikukuu kubwa ya Panathenaia, maandamano ya mji mzima yalipanda kilimani kumpelekea mungu wa kike Athena vazi jipya, na pamoja nao walikwenda ng'ombe wengi wa kafara. Ng'ombe hapandi ngazi kwa hiari, hilo kila mfugaji analijua.

Ukiitazama Propylaia yenyewe utaliona wazo hilo limeandikwa kwenye mawe. Lango lina milango mitano. Ile minne ya pembeni inafikiwa kwa ngazi, lakini mlango wa katikati, ulio mpana kuliko yote, hauna ngazi hata moja. Msanifu alijua kwamba kuna wapandaji wa aina mbili, na akamtengenezea kila mmoja njia yake ndani ya jengo moja. Leo tungesema amefanya usanifu jumuishi, isipokuwa aliyejumuishwa alikuwa ng'ombe!

Vipi kuhusu watu?

Hapa inabidi twende taratibu, maana ni rahisi kuwapaka Wagiriki wa kale rangi ya kisasa wasiyokuwa nayo. Hakuna ushahidi kwamba njia ya Acropolis ilijengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Lakini si kweli pia kwamba watu hao hawakuwepo, au kwamba hakuna aliyewawazia.

Anzia kwa miungu yao. Hephaistos, mungu wa wahunzi, alisimuliwa kuwa kilema wa miguu. Katika michongo ya ukuta wa mashariki wa Parthenon ameketi jirani kabisa na Athena, akiegemea gongo. Na msafiri Pausanias, aliyeandika katika karne ya 2 BK, anataja madhabahu yake ndani ya hekalu la Erechtheion, hukohuko juu ya kilima. Kwa hiyo mmoja wa wenyeji wa Acropolis, kwa imani ya watu wale, alikuwa anachechemea.

Halafu njoo kwa raia wa kawaida. Kuna hotuba iliyoandikwa na Lysias karibu mwaka 400 KK kwa ajili ya mtu mmoja maskini mwenye ulemavu. Ndiyo, Athens ilikuwa na posho ya ulemavu! Ilikuwa oboli moja kwa siku, hela ndogo tu, na Baraza la mji lilikagua nani anastahili. Mtu huyu alishtakiwa kwamba anadanganya, eti kwa sababu ameonekana amepanda farasi. Akajitetea kwamba farasi mwenyewe ni wa kuazima, kwamba angekuwa na uwezo angepanda nyumbu mwenye tandiko zuri, na kwamba kama wengine wanatembelea fimbo moja, yeye anatembelea mbili. Ukiisoma utaona kama imeandikwa juzi. Mpaka leo mtu wa kiti mwendo akisimama sekunde mbili kuchukua kitu kwenye rafu, kuna atakayesema "kumbe anaweza!"

Ushahidi wa majengo nao upo, ila si wa Acropolis. Mwaka 2020, mwaka uleule wa lifti, mwanaakiolojia wa Marekani Debby Sneed alichapisha utafiti kwenye jarida la Antiquity. Alihesabu njia za mteremko kwenye mahekalu ya Kigiriki na kugundua kwamba hazikusambaa hovyo. Zimejazana mahali watu walipokwenda kutafuta uponyaji. Kwenye patakatifu pa Asklepios, mungu wa tiba, pale Epidaurus, kuna njia za mteremko za mawe zisizopungua 11 kwenye majengo 9. Patakatifu pakubwa pa Zeus kule Olympia palikuwa na mbili tu. Hoja yake ni kwamba waliojenga Epidaurus walijua wateja wao ni watu wa magongo na machela, wakajenga kwa hesabu hiyo.

Si wote waliokubali. Wapo wanaosema njia zile zingeweza kuwa za wanyama wa kafara au za kupitishia vitu vizito. Sneed anajibu kwamba wanyama walichinjwa nje, kwenye madhabahu, na kama sababu ni vitu vizito, basi kila hekalu lingekuwa nazo kwa wingi. Mjadala unaendelea, lakini walau swali limeshaulizwa. Na kumbuka kwamba Asklepios alikuwa na patakatifu pake Athens pia, kwenye ubavu wa kusini wa Acropolis, palipoanzishwa mwaka 420 KK hivi. Wagonjwa walikuwa wanakuja kilimani. Waliishia ubavuni.

Warumi na ngazi zao

Ngazi kubwa za marumaru upande wa magharibi zilijengwa na Warumi katika karne ya 1 BK, wakati wa mfalme Claudius. Zilifunika mahali ilipokuwa njia ya mteremko. Baadaye, katika karne ya 3 BK, likaongezwa lango la ulinzi chini yake. Lango hilo lilifukuliwa na Mfaransa Ernest Beulé miaka ya 1852 na 1853, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo mtalii anayehema kwenye ngazi akidhani anapita alipopita Perikles, anapita kwenye wazo la Warumi. Na hata mandhari anayoikuta juu ni uamuzi wa watu wa karne ya 19. Kwa karne nyingi Parthenon ilikuwa kanisa, kisha msikiti. Kilima kilikuwa na nyumba, ngome, na mnara mrefu uliojengwa na watawala kutoka Ulaya magharibi. Ugiriki ilipopata uhuru, karibu kila kitu ambacho hakikuwa cha karne ya 5 KK kilifagiliwa. Mnara ule ulibomolewa miaka ya 1870, kwa fedha za Heinrich Schliemann. Uwanja mtupu wa mawe tunaouona kwenye picha, ule ambao watu wanauita asili, una umri usiofika miaka 200.

Hesabu ya mteremko

Kuna anayeweza kusema: basi rudisheni mteremko wa kale, kesi iishe. Hebu tupige hesabu kidogo.

Chukua mtu na kiti chake, jumla kilo 90. Kwenye mteremko, sehemu ya uzito inamvuta kurudi nyuma, na sehemu hiyo inategemea ukali wa mteremko. Viwango vya Marekani, vinavyoigwa na nchi nyingi, vinataka mteremko usizidi 1 kwa 12, yaani ukipanda mita 1 uwe umetembea mita 12. Hapo mtu wetu anahitaji nguvu ya newton 73 hivi kushindana na uzito, sawa na kuinua kilo 7 na nusu. Inachosha, lakini mtu mwenye mikono imara anaimudu.

Njia ya kale ya Acropolis ilikuwa kali zaidi, takriban 1 kwa 4. Hapo nguvu inapanda hadi newton 214, sawa na kilo 22. Hiyo ni zaidi ya ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na unaisukuma kwa mikono tu, mita 80 mfululizo. Ndoo ukichoka unaitua. Hapa huwezi kutua. Ukiachia, unarudi nyuma na kiti chako. Na kushuka ndiko kunakotisha zaidi.

Je, tukiinyoosha ifikie 1 kwa 12? Kupanda mita 20 tunahitaji njia ya mita 240. Juu yake viwango vinataka sehemu tambarare ya kupumzikia ya mita 1 na nusu kila baada ya kupanda sentimita 76, zinazofika sehemu 26. Jumla ni kama mita 280 za njia, ikizunguka mbele ya lango maarufu kuliko yote Ulaya. Hakuna mwanaakiolojia atakayekubali, na kwa hili wana haki. Ndiyo maana jibu likawa lifti.

Hofu ya wahifadhi ina sababu

Nisiwaonee wale waliopinga zege. Kilima hiki kimeshaumizwa na watu wenye nia njema. Mwanzoni mwa karne ya 20 mhandisi Nikolaos Balanos aliunganisha upya mawe ya Parthenon kwa kutumia vibanio vya chuma. Wagiriki wa kale nao walitumia chuma, lakini walikizungushia madini ya risasi kuzuia maji. Vibanio vya Balanos havikulindwa hivyo. Vikapata kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hiyo ikaanza kuyapasua mawe kutoka ndani. Mwaka 1975 Ugiriki iliunda kamati maalumu ya kuhifadhi Acropolis, na kazi yake mojawapo kwa miaka mingi imekuwa kuling'oa lile chuma moja moja na kuweka titani isiyoshika kutu.

Funzo lililotoka hapo ni kanuni inayoheshimiwa na wahifadhi wote: usifanye kitu ambacho wajukuu wako hawataweza kukiondoa. Kwa kipimo hicho, kumwaga zege juu ya kilima kunastahili maswali makali.

Upo pia mfano wa kazi iliyopendwa na karibu kila mtu. Kati ya 1954 na 1957 msanifu Dimitris Pikionis alitandika njia za mawe kuzunguka Acropolis na kilima jirani cha Philopappos, kwenye miti. Alitumia vipande vya mawe na marumaru kutoka nyumba za Athens zilizobomolewa, akavipanga kwa mkono kama mtu anayeshona viraka. Ni njia nzuri mno kutazama. Lakini viungo vya mawe hayo na miinuko yake ni adha kwa gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo. Uzuri nao una watu unaowachagua.

Lifti ya kwanza, lifti ya pili

Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Kwa muda mrefu huo ndio ulikuwa ushauri pekee kwa mtu wa kiti mwendo aliyefika Acropolis na familia yake: wenzako wapande, wewe wangoje chini.

Kilichobadilisha mambo ni michezo. Mwaka 2004 Athens iliandaa Olimpiki, na baada yake Paralimpiki. Fikiria aibu ya kuwakaribisha wanamichezo wa dunia nzima wenye ulemavu, kisha kuwaambia alama kuu ya mji waitazame kutoka barabarani. Ikafungwa lifti kwenye jabali la kaskazini. Ilisaidia, lakini haikuwa ya kudumu miaka mingi. Ikawa inaharibika mara kwa mara, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010 mtu angeweza kusafiri kutoka bara jingine akafika na kukuta haifanyi kazi. Na hata ikifanya kazi, juu ulikutana na mwamba wa mashimo, uliolainishwa na mamilioni ya viatu mpaka unateleza.

Lifti ya 2020, iliyogharimiwa na Wakfu wa Onassis, ilichukua nafasi ya ile ya zamani. Njia za zege zilisimamiwa na kamati ya uhifadhi chini ya Manolis Korres, msanifu anayeujua mwamba ule kuliko karibu mtu yeyote aliye hai. Watetezi walisema zege halikumwagwa moja kwa moja juu ya mwamba. Limetenganishwa nao kwa utando, hivyo linaweza kuondolewa, na tena linaulinda mwamba na nyayo za wageni. Wakosoaji walisema eneo lililofunikwa ni kubwa kuliko viti mwendo vinavyohitaji, kwamba kuondoa zege ni rahisi kwenye karatasi kuliko kwa vitendo, na kwamba watu wenye ulemavu wametumiwa kama ngao ya mpango wa kupitisha makundi makubwa ya watalii.

Lawama hii ya mwisho ni nzito, na ndiyo ninayotaka tuitazame vizuri. Inawezekana kabisa serikali ikatumia jina la watu wenye ulemavu kupitisha jambo lake. Lakini angalia mjadala ulivyokwenda. Watu wakasimama pande mbili, "wapenda historia" huku na "watu wa viti mwendo" kule, kana kwamba mtu wa kiti mwendo hawezi kuwa mpenda historia. Maswali ya kitaalamu, kwamba njia iwe na upana gani, itengenezwe kwa nini, maji ya mvua yapite wapi, yalikuwa na majibu yanayopimika. Yalimezwa na swali ambalo halikustahili kuulizwa: kama watu hao wapande au wasipande.

Kwa sababu historia ya kilima inaonyesha kwamba kila kizazi kilijenga njia kwa ajili ya yule kiliyemtaka afike juu. Waathens walimtaka ng'ombe wa Athena na mkokoteni wa marumaru. Warumi walitaka mgeni apande kwa fahari. Karne ya 19 ilimtaka msomi wa Ulaya akutane na karne ya 5 KK bila kero ya karne nyingine. Tukisema leo haiwezekani kubadilisha chochote, tunachagua kubaki na wageni wa Claudius.

Kadiri inavyowezekana

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania 2009, Ugiriki yenyewe 2012. Ibara yake ya 30 inahusu utamaduni. Kwa makumbusho, majumba ya sinema na maktaba, inadai watu wenye ulemavu wafike, bila masharti mengi. Lakini ikifika kwenye minara na maeneo ya kihistoria, inaongeza maneno machache: kadiri inavyowezekana.

Ni maneno ya busara, maana mwamba ni mwamba. Lakini pia ni mlango ambao uvivu unaweza kupitia. Nani anaamua kinachowezekana? Mwaka 2003 wengi wangesema lifti kwenye jabali la Acropolis haiwezekani. Mwaka uliofuata ilikuwepo, kwa sababu wageni wa Paralimpiki walikuwa wanakuja.

Nasi tumeridhia mkataba huohuo, na miamba yetu tunayo. Husuni Kubwa, kasri la karne ya 14 la Sultani al-Hasan bin Sulaiman kule Kilwa Kisiwani, limesimama juu ya jabali la bahari, na ngazi zake zinashuka hadi majini. Kilwa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, miaka sita kabla ya Acropolis. Kufika kisiwani kwenyewe ni kwa chombo. Siamini jibu la pale ni lifti wala zege. Pengine ni gati nzuri, njia ya mbao inayoondoleka, na mahali palipochaguliwa kwa makini ambapo mtu aliyeketi anaweza kuliona kasri lote na bahari yake. Hayo yanapimika.

Basi ukienda tena kwenye ziara ya chuo, iwe Kilwa, Fort Jesus au Mji Mkongwe, beba tepu ya fundi. Pima urefu wa kizingiti. Pima mwinuko, kisha gawanya kwa urefu wa njia uone kama unakaribia 1 kwa 12. Pima upana wa mlango. Kiti mwendo cha kawaida kinataka kama sentimita 80. Utashangaa ni sehemu ngapi ambazo kinachomzuia mtu ni ngazi moja tu ya saruji, iliyowekwa na fundi juzijuzi, na ambayo hakuna sultani wala Mreno aliyewahi kuikanyaga.